Miaka Niliyopima Watu kwa Viganja

Siku ile ya chai ya kuniaga, vijana wa ofisi mliniomba niandike machache kuhusu kazi ya zamani. Mmoja wenu aliongeza, "Kabla hujasahau, Mzee." Nimepokea ombi hilo kwa shukrani, na hilo la kusahau nimelisamehe. Mungu ameniachia kumbukumbu nzuri, ingawa miwani nimeipoteza mara mbili tangu nistaafu.

Sitaandika habari za vyeo. Vingine vilikuja, vingine havikuja, na faili langu linaeleza hayo vizuri kuliko mimi. Nitaandika juu ya viganja vya mikono. Nilivishika vingi katika kazi hii, na kuna mkono mmoja ambao sikuweza kuusahau kwa karibu miaka tisa.

Nilianza kazi gatini Kisumu katikati ya miaka ya themanini. Nilifika asubuhi na viatu vilivyong'aa na barua ya kuajiriwa, nikagundua kwamba hakuna aliyemwambia mkubwa wa kituo kuwa ninakuja. Mkubwa huyo alikuwa Mzee Shem, mtu wa Maragoli, mrefu, mwenye mguu mmoja uliomsumbua wakati wa mvua. Alikuwa anakula mahindi ya kuchemsha.

"Wewe ni nani?" akauliza.

"Ofisa mpya wa uhamiaji, mzee."

"Barua nitaisoma baadaye. Umekula?"

Hiyo ndiyo ilikuwa sherehe ya kunipokea kazini. Tulipomaliza mahindi alinipa muhuri. Ulikuwa wa mbao, kishikio chake kimekuwa cheusi kwa jasho la waliotangulia, na tarehe zake zilizungushwa kwa ukucha. "Huu ukipotea," akasema, "potea nao." Wino wetu ulikuwa wa zambarau, nao ulikauka kila Januari kwa joto. Mzee Shem aliulainisha kwa matone ya chai ya rangi. Chai hiyo haikutiwa sukari, kwa kuwa sukari iliita sisimizi, na sisimizi walikula pasipoti. Kama mzazi wako ana pasipoti ya wakati ule yenye harufu ya majani ya chai, sasa unajua sababu. Kwa ajili ya muhuri ule, akina mama wauza samaki waliniita Bwana Muhuri. Jina hilo lilidumu kuliko vyeo vyote.

Kazi ya gatini ilikuwa rahisi. Meli ilifunga, abiria walishuka na tiketi na karatasi zao, tukagonga muhuri. Lakini ziwa ni pana, na si kila mtu alikuja kwa meli. Miaka ile kulikuwa na taabu ng'ambo ya maji. Watu walivuka kwa mitumbwi ya wavuvi wakashukia popote upepo ulipowafikisha, mara nyingi upande wa Asembo Bay na fuo zilizo mbele yake. Chifu alituma mtu, nasi tukaenda kwa Landrova kuwaona waliofika.

Sasa niwaeleze jambo ambalo halikuandikwa katika sheria yoyote. Lilikuwa desturi yetu wenyewe, na hapa nawaungamia kosa letu, la Mzee Shem na mimi. Mkimbizi aliyekuja kwa barabara alikalishwa kwenye benchi, akaulizwa habari zake, zikaandikwa. Aliyekuja kwa maji hatukumpa benchi. Tulimwona kama aliyepitia mlango wa nyuma, kana kwamba ziwa lina mlango wa mbele.

Sababu ilikuwa kahawa. Mitumbwi ile ile iliyovusha watu ilivusha pia magunia ya magendo, na kila tulipokamata gunia la kahawa tulikuta mkimbizi amelikalia. Wote walisema wanakimbia. Wote walikuwa wamelowa, na hakuna aliyekuwa na karatasi. Kwa hiyo Mzee Shem, miaka mingi kabla sijaja, alikuwa amebuni kipimo chake.

"Mwambie akupe mikono," alinifundisha, "kisha papasa kiganja. Ukikuta malengelenge, huyo ni mtu wa kalamu au wa duka. Hajawahi kushika kafi, na ameishika kwa sababu kifo kiko nyuma yake. Huyo mpokee. Ukikuta sugu ngumu, huyo ni mtu wa maji. Ziwa ni shamba lake, leo yuko hapa, kesho yuko kule. Huyo arudi."

Nilikiona kuwa kipimo cha busara kweli kweli. Wiki yangu ya pili tulimpata mwalimu wa hesabu ambaye malengelenge yake yalikuwa yamepasuka, kwa kuwa alishika kafi kama anavyoshika chaki. Nilipomgusa alilia kwa maumivu. Nilimwandikia barua ya kwenda kituo cha wakimbizi siku ile ile, nikalala usingizi mtamu. Baada ya miezi michache nilikuwa naweza kumjua mtu kwa kidole gumba changu nikiwa naongea na chifu habari za mvua. Nilijivunia jambo hilo, Mungu anisamehe.

Katika wale niliowarudisha kulikuwa na mwanamume mmoja mfupi. Alikuja peke yake, bila mzigo. Kiganja chake kilikuwa kama ukwato, na mkono wa kulia haukuwa na kidole cha mwisho.

"Afande, naomba kukaa siku chache," alisema kwa Kiswahili kizuri.

"Wewe ni mvuvi. Mvuvi ana kwao."

Hakubisha. Nikagonga muhuri wa kurudishwa, akapanda mtumbwi wake, akaondoka. Jambo lenyewe halikuchukua muda wa kunywa kikombe cha chai. Sikuuliza hata kidole kilipotelea wapi.

Miezi miwili baadaye akaja Waiswa.

Ilikuwa asubuhi, kwenye ufuo mmoja mdogo karibu na Asembo Bay. Mtumbwi ulikuwa umefika alfajiri, nusu yake imejaa maji. Ndani yake alikuwa mwanamume wa miaka kama thelathini na mama yake mzee. Mama alikuwa na homa, amejifunika leso hadi masikioni. Wavuvi walikuwa wamewapa uji. Jina lake la Waiswa tulilipata baadaye, kwa sababu mimi nilipomuuliza kwa Kiswahili hakunijibu. Nikarudia. Akatazama kofia yangu, kisha akatazama mchanga.

Mzee Shem siku hiyo alibaki ndani ya Landrova, mguu ukimsumbua. Kwa hiyo niliifanya kazi peke yangu. Nikamwambia yule mwanamume alete mikono. Ilikuwa mikono ya mvuvi tangu utoto, sugu juu ya sugu. Nikashika na ya mama yake, mikono ya jembe. Basi nikaenda kwenye banda la kupimia samaki, nikakaa kwenye meza ya mwenye mizani, nikaandika: mvuvi, hana la kusema, arudishwe na mama yake. Nikagonga muhuri.

Kilichobaki ilikuwa boti. Tulikuwa tumekodi boti yenye injini ya kuwapeleka watu ng'ambo, na mwendeshaji wake aliitwa Oluoch. Oluoch alipaswa kuondoka saa sita. Saa sita ilipofika alikuwa bado yuko Bondo akitafuta petroli. Oluoch alikuwa mtu mwema aliyechelewa kila safari, na mfukoni mwangu siku hiyo nilikuwa na barua ya kumlalamikia, kurasa mbili, nimeipiga taipu mwenyewe. Nikakaa kumsubiri huku nikiwaza sentensi za kuongeza.

Nikiwa hapo akanijia Mama Pilista. Huyu alikuwa mjane aliyeshona nyavu za ufuo wote ule. Kwake ndiko tulikokunywa chai, nasi tulilipia chai hiyo kwa kutukanwa kidogo.

"Bwana Muhuri," akaniita kutoka mbali, "leo umeshika mikono ya wangapi? Na bibi yako anajua hii kazi?"

"Wawili tu, Mama Pilista. Na mmoja ni nyanya."

"Hata nyanya hukumwacha."

Akina mama waliokuwa wanaanika dagaa wa omena walicheka. Lakini Mama Pilista mwenyewe hakucheka. Alikuwa amebeba wavu begani, maji yanamtiririka, na alipofika mezani aliutupa juu ya rejista yangu.

"Mama, hizi ni karatasi za serikali."

"Zitakauka. Tazama hii nyavu. Tumetoa kwa mtumbwi wa yule mgeni tukimwaga maji."

Nikatazama. Kwangu ulikuwa wavu tu.

"Hii ni mpya," akasema. "Hata harufu ya samaki haijashika. Mtu anauza ng'ombe ndio anunue nyavu kama hii. Sasa angalia hapa. Kisu. Hapa, kisu. Na hapa tena. Omera, ndugu yangu, mvuvi atakata kidole chake kabla akate nyavu kama hii."

"Labda ilinaswa kwenye mawe."

"Ikinaswa inararuka. Mimi nashona hizi vitu tangu nikiwa msichana. Kuraruka naijua na kukatwa naijua. Hii mtu alikaa chini akaikata vipande vipande na akili yake timamu. Na vipande haviko kwa mtumbwi. Wewe umesoma, niambie, ni nini inafanya mvuvi akate shamba lake?"

Kama vipande havikuwa mtumbwini, vilikuwa kwa mmoja wa wale wawili. Niliinuka nikaenda pale alipokuwa ameketi yule mama mzee kwenye kivuli cha banda. Nikachutama, nikamwomba kwa ishara aniruhusu nimfunue leso kidogo. Mikononi, juu ya kifundo, kulikuwa na alama nyekundu za mraba mraba, kama alama za matundu ya wavu. Kamba za wavu zenyewe, zimesokotwa pamoja, zilikuwa bado zimening'inia kwenye mkono mmoja chini ya nguo. Saa mbili tu kabla nilikuwa nimeushika mkono huo huo. Nilikuwa nimepapasa kiganja nikaishia kwenye kifundo, kwa kuwa kipimo chetu kiliishia hapo.

Nikarudi kwa mwanawe, nikamuuliza tena kwa Kiswahili, taratibu, kwa sauti ya upole kabisa. Akatazama kofia yangu tena, kisha mchanga.

Nikaenda kwenye Landrova. Mzee Shem alikuwa amenyoosha mguu juu ya kiti.

"Mzee, nimemwandikia mtu arudishwe," nikamwambia, "na sasa nina shaka."

"Viganja vikoje?"

"Vigumu. Ni mvuvi kabisa. Lakini amekata wavu wake mpya ili amfunge mama yake asianguke majini."

Mvuvi aliyekuwa anapita akatusalimia, na Mzee Shem hakuitikia, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Ni nani aliyekufundisha viganja?" akauliza mwishoni.

"Ni wewe, mzee."

"Haya. Nishike mkono nishuke."

Aliposhuka alivua kofia yake akaiacha kwenye kiti. "Vua na yako," akaniambia. Nikavua. Tukaenda hivyo, vichwa wazi kwenye jua, yeye akichechemea. Hakwenda kwa mwanamume. Alienda kwa mama mzee kwanza, akaketi chini mchangani mbele yake, mkubwa wa kituo na suruali yake ya pasi, akaanza kumsalimia kwa Kisoga. Ujana wake Mzee Shem alifanya kazi kwenye mashamba ya miwa upande wa Jinja, na lugha hiyo ilikuwa imelala ndani yake miaka yote ile. Salamu zenyewe zilikuwa ndefu sana. Aliuliza habari za nyumbani, akajibiwa, akaitikia, akauliza tena. Katikati ya salamu yule mama akaanza kulia, na mwanawe akainua kichwa.

Waiswa alisema mengi, na Mzee Shem alinipa kwa ufupi. Askari walikuwa wamefika kwenye ufuo wao na kuchoma mitumbwi, wakisema inavusha waasi. Walimchukua ndugu yake. Mtumbwi wake ulipona kwa kuwa ulikuwa umefichwa kwenye matete. Mama yake alikuwa na homa, hawezi kukaa wima, na ziwa lilikuwa limechafuka. Kamba hakuwa nayo, ila wavu alioununua msimu ule. Akaukata, akasokota, akamfunga mama kwenye ubao wa kukalia, akapiga kafi.

"Muulize kwa nini hakunieleza," nikasema.

Mzee Shem akamuuliza, akasikiliza, akanitafsiria. "Anasema kule kwao, wanaokuja wakiwa na kofia na kusema Kiswahili hawaulizi mara ya pili. Alipoona umeuliza mara ya pili hakujua afanye nini."

Nilikaa chini mchangani.

Wakati huo tukasikia pikipiki. Oluoch amefika kutoka Bondo, mtungi wa petroli umefungwa nyuma, vumbi hadi kwenye kope. Ilikuwa yapata saa tisa. Alikuja mbio akiwa ameshika kofia yake mkononi.

"Wakubwa, mimi nimewakosea. Petroli haikuwako, halafu ikawako, halafu mwenye ufunguo akaenda matangani. Nimechelewa sana. Tunaweza kuondoka sasa hivi."

Mzee Shem akamtazama, kisha akanitazama mimi. "Oluoch," akasema, "leo usiombe msamaha kwa mtu yeyote. Nenda ukanywe chai kwa Mama Pilista."

Oluoch alienda akiwa na wasiwasi, kwa sababu hakuwahi kuambiwa hivyo. Ile barua nilimpa Mama Pilista akawashia moto. Nimesali sala nyingi maishani mwangu za kuomba mambo yaende upesi. Tangu siku ile huwa naongeza neno moja la kushukuru kwa yanayochelewa.

Ilibaki rejista. Kanuni ya Mzee Shem ilikuwa kwamba kilichogongwa muhuri hakifutwi. Nilimuuliza tufanyeje. "Kufuta hatufuti," akasema. "Lakini hakuna aliyetukataza kuongeza." Akaninyang'anya kalamu, akaandika chini ya maneno yangu mistari sita kwa mwandiko wake wa kiseminari: kwamba ofisa alikosea, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha ofisa kukosea, kwamba watu hawa wapokelewe. Akatia sahihi. Ukurasa huo ulikuwa na doa la maji ya wavu, nao haukukauka vizuri hata mwisho.

Waiswa na mama yake walikaa kwa Mama Pilista siku kadhaa hadi lori la kuwapeleka kituo cha wakimbizi lilipokuja. Homa ilishuka. Walipoondoka waliacha wavu, kwa kuwa vipande vilikuwa vipande tu. Mama Pilista aliukunja akauweka juu ya dari.

Jumapili iliyofuata, kanisani kwetu, somo la siku lilikuwa habari za yule baba kipofu aliyempapasa mwanawe mikono, akasikia sauti ya mmoja na kugusa manyoya ya mwingine, akaamini manyoya, akambariki asiyemkusudia. Nimelisikia somo hilo tangu utotoni, baba yangu akiwa mwinjilisti kule Rarieda, na siku zote nilimcheka moyoni yule mzee kwa kudanganyika kirahisi. Siku hiyo sikucheka. Mke wangu, ambaye nilikuwa nimemsimulia yote, alitazama mbele kwa adabu kubwa mno.

Baada ya hapo tulibadili kazi yetu. Hakuna waraka uliotoka, wala mkutano. Tulipakia tu benchi nyuma ya Landrova. Aliyefika kwa maji akawa anakaa kama aliyefika kwa barabara, anapewa chai, anatafutiwa mtu wa lugha yake, nasi tunavua kofia. Mzee Shem akaacha kuuliza "umekuja kufanya nini" akawa anauliza "umeacha nini". Aliona kwamba mwenye magendo huwa amejiandaa kueleza alichokuja kufanya, lakini swali hilo la pili humkuta hana jibu. Wapo waliotudanganya hata hivyo. Mmoja alilia juu ya nyumba yake iliyochomwa mpaka Mzee Shem naye akatoa leso, na wiki iliyofuata tukamkamata na magunia kumi na moja. "Machozi yangu yalikuwa ya kweli," alisema Mzee Shem. "Sidai yarudishwe."

Hapo ndipo yule mtu wa vidole vinne aliponirudia akilini.

Nilianza kumwona nikiwa nanawa mikono. Mwingine yeyote niliyemrudisha nilikuwa nimemsahau, na hilo lenyewe ni jambo la kuungama. Lakini huyu alikuwa na mkono usiosahaulika. Alikuja bila mzigo, akaomba kukaa, nami nikamrudisha kule walikokuwa wanachoma mitumbwi. Niliuliza wavuvi, niliuliza waliofika baadaye. Hakuna aliyemjua. Basi nikamweka katika sala za jioni nyumbani. Sikujua jina, kwa hiyo tuliomba kwa ajili ya "mtu wa vidole vinne, popote alipo". Watoto wangu walikua wakimwombea. Yule mdogo alimtaja kabla ya kuwataja shangazi zake, nao walipopata habari hawakupendezwa.

Miaka ikapita. Kule ng'ambo mambo yakatulia kidogo kidogo. Mzee Shem alistaafu akarudi Maragoli, akaniachia ule muhuri na chupa ya chai ya wino. Mwanzoni mwa miaka ya tisini Waiswa alikuja gatini Kisumu na mama yake, wakirudi kwao kwa meli. Mama alikuwa ametengeneza mwili. Waiswa alinisalimia kwa Kiswahili, cha taratibu, naye akacheka alipoona nimevua kofia haraka. Walikuwa wamepitia kwa Mama Pilista. Begani alikuwa na gunia, na ndani yake ule wavu, umeshonwa wote. Alama za mshono zilionekana kila mahali, uzi wa rangi tofauti, lakini ulikuwa mzima. "Amekataa malipo," akaniambia. "Amesema nimlipe kwa kutoukata tena." Niliwagongea muhuri wa kuondoka, nikaiona meli yao ikipotea kwenye ghuba. Nilishukuru. Lakini jioni tuliomba tena kwa ajili ya yule mwingine.

Kisha yakaja magugu maji. Mnayakumbuka wengi wenu, jinsi yalivyofunika ghuba hata mtu akadhani anaweza kutembea hadi Asembo. Meli zilikwama nje saa nyingi, na abiria waliposhuka walikuwa wamechoka na wana hasira. Siku moja ya namna hiyo, mchana, nilikuwa nimeinamisha kichwa nikizungusha tarehe kwa ukucha, wakati mkono uliposukuma pasipoti juu ya meza. Mkono wa kulia. Vidole vinne.

Sikuinua kichwa mara moja. Nilimwomba Mungu anipe dakika. Kisha nikamtazama. Mfupi, mvi kidogo, shati safi, na nyuma yake makatoni mawili ya samaki wakavu.

"Bwana," nikasema, "uliwahi kuja huku zamani? Kwa mtumbwi?"

Aliondoa mkono mezani upesi. "Hiyo ni zamani sana, afande."

"Nilikurudisha."

Akanitazama vizuri. "Ni wewe? Ndiyo. Ulinishika hapa." Akajigusa kiganja.

"Ulifika salama?"

"Si unaniona?"

Foleni nyuma yake ilianza kunung'unika. Nikamuuliza swali nililolibeba miaka yote. "Ulikuwa unakimbia nini?"

Akatazama kushoto, akatazama kulia, akainama. "Hiyo kesi imekwisha?"

"Imekwisha."

"Kweli?"

"Mbele za Mungu."

"Nilikuwa na kahawa, afande. Magunia manne, nimeyaficha kwenye matete hapo karibu. Nilitaka siku mbili tu niyatoe. Uliponirudisha nililala kisiwani, nikarudi usiku wa pili, nikayachukua."

Niliegemea kiti kwa uzito mpaka kikatoa mlio. Sijui uso wangu ulionekanaje, kwa sababu alianza kunionea huruma.

"Afande, usikasirike. Nimeacha hiyo kazi. Sasa ni samaki tu."

"Sijakasirika," nikasema. "Nyumbani kwangu tumekuombea karibu miaka tisa. Mke wangu, watoto, sote. Kila jioni."

"Mimi?"

"Wewe."

Akafikiri juu ya jambo hilo kwa makini. "Basi ndiyo maana sikukamatwa hata siku moja."

Foleni nzima ilicheka, hata aliyekuwa akinung'unika. Nilicheka mpaka nikatoa leso. Kisha nikasimama, nikampa mkono juu ya meza, naye akasitasita kwanza, akaupokea. Kidole gumba changu kilitaka kutembea kwenye kiganja chake kama zamani. Nilikituliza. Nikagonga muhuri, akabeba makatoni yake, akaenda zake sokoni Kibuye.

Vijana wangu, mzigo ulinishuka siku ile, siwafichi. Niliendesha baiskeli nyumbani nikiimba. Lakini njiani nilikumbuka kwamba kiganja kilisema kweli juu ya huyu na kikasema uongo juu ya Waiswa, nami nilikuwa nimevisikia vyote viwili kwa namna moja. Nilipopatia sikujua kwamba nimepatia. Ndiyo maana lile benchi, ambalo mnalipita mlangoni na ambalo mmoja wenu alitaka liuzwe, naomba mliache.

Nilipomsimulia mke wangu alicheka kuliko foleni. Nikamuuliza kama sasa tumtoe mtu wa vidole vinne kwenye sala zetu.

"Kwa nini?" akasema. "Wauza samaki nao wana safari."

Basi jioni ile tulimwombea kama kawaida, kwa jina lake nililolisoma kwenye pasipoti. Na baada yake tukaanza kuwaombea wale ambao mikono yao siikumbuki.